Wati 75 Nyuma ya Soketi

Soketi ikianza kugeuka rangi, ikawa ya manjano kisha kahawia kuzunguka matundu, lawama nyumbani huangukia birika: limekula stima nyingi mno. Mara nyingi birika halina kosa. Mwenye kosa yuko nyuma ya soketi, kwenye skrubu inayoshika waya, na fundi wa stima anaweza kumnasa kwa namba mbili tu, volti na ampea.

Aanze na birika lenyewe, kwenye soketi nzima. Umeme wa majumbani Kenya ni volti 240. Fundi anabana waya wa laivu peke yake kwa mita ya klampu, ile yenye taya (akizibana nyaya zote mbili mita itasoma sufuri, kwa kuwa mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana). Tuseme anapata ampea 8. Akizidisha, 240 kwa 8, anapata wati 1,920: hiyo ndiyo nguvu, na birika likichemka nusu saa litamaliza karibu uniti nzima ya tokeni. Akigawanya, 240 kwa 8, anapata omu 30: huo ni ukinzani wa koili. Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni ya mgawanyo huo mwaka 1827, wala haijabadilika.

Sasa alihamishie birika lile lile kwenye soketi iliyobadilika rangi. Kabla ya kuwasha, volti ni 240. Maji yakianza kuimba, soketi inasoma 228 na mita ya klampu 7.6. Gawanya: bado ni omu 30. Birika limejitoa hatiani. Lakini volti 12 zimepotelea njiani, na fundi akipima kwenye boksi la fyuzi anakuta 240 zipo pale pale, kwa hivyo haziwezi kuwa zimepotea mtaani. Zimepotea humu ndani. Kumi na mbili gawanya kwa 7.6 ni takriban omu 1.6, zidisha, ni wati 91.

Waya wenyewe unastahili kulaumiwa kidogo. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, mita 20 kwenda na 20 kurudi, una ukinzani wa kama omu 0.28, na joto lake, wati 16 hivi, limetapakaa kwenye mita 40. Mkono hauwezi hata kulihisi. Zinabaki omu 1.3, na hizo zimejikusanya mahali padogo kuliko punje ya mchele, pale shaba inapogusana na skrubu. Wati 75. Pasi nyingi za kuchomelea risasi wanazotumia mafundi wa redio hazifikii kiasi hicho.

Mtu atauliza, je, fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi ina kazi gani? Ina kazi, ila si hii. Fyuzi huangalia mkondo tu, na kiungo kibovu kimeupunguza mkondo kutoka 8 hadi 7.6. Kwa fyuzi, hali imekuwa nzuri zaidi! Breka nayo haitaruka. Ndiyo maana namba ya mkondo peke yake haitoshi kamwe. Na omumita ya kawaida, stima ikiwa imezimwa, haisaidii sana, kwani nyaya zake zenyewe zina ukinzani unaokaribia ule unaotafutwa. Kiungo kibovu hujifichua kikibebeshwa mzigo.

Kisiwani Mombasa mambo mawili huzidisha tatizo. La kwanza ni hewa ya bahari: chumvi na unyevu huitia shaba kutu ya kijani, na kutu hiyo haipitishi umeme vizuri. Kiungo kikipata moto hutanuka, kikipoa husinyaa, skrubu hulegea, ukinzani hupanda, joto huzidi. La pili ni umri wa nyumba. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alichukua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, ikaingia mikononi mwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Wakati huo nyumba nyingi za mawe za barabara ya Ndia Kuu zilikuwa zimeshasimama. Umeme ulizikuta, haukujengwa nazo. Nyaya zilipigiliwa ukutani baadaye, zikaungwa na kuungwa tena kila chumba kilipogawanywa, na kila muungano ni skrubu nyingine inayosubiri chumvi.

Hesabu hii inafaa kwa birika, pasi na jiko la koili. Feni na friji ni habari nyingine: mota huchukua mkondo usiokwenda sambamba na volti, kwa hivyo volti ukizidisha kwa ampea utapata wati nyingi kuliko zile zinazotumika kweli, na ukigawanya hutapata ukinzani wa waya.

Dawa ni ya bei nafuu. Fundi anazima swichi kuu, anakata ncha ya waya iliyoungua mpaka aone shaba inayong'aa, anafunga soketi mpya, anakaza skrubu, kisha anachemsha maji tena mita ikiwa mkononi. Akisoma 238, amemaliza kazi. Akisoma 232, kuna kiungo kingine bado, pengine ndani ya boksi la muungano lililopakwa chokaa juu ya mlango, na itabidi aombe ngazi.