Betri ya Gari la Kale na Kazi ya Vifuniko Vyake

Kalenga, kijiji kilichoko kiasi cha kilomita 15 kutoka Iringa mjini, kinajulikana sana kwa makumbusho yanayohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Lakini kuhifadhi vitu vya kale si kazi ya makumbusho peke yake. Fundi anayetaka kulifufua gari la Land Rover lililoundwa mwaka huohuo wa 1954 hukabiliwa na swali la sayansi: achague betri ipi, na yenye vifuniko vya namna gani? Akikosea atapoteza fedha. Pengine atapoteza hata macho.

Betri ya gari hilo ni ya volti 12. Ndani yake mna seli sita, na kila seli iliyojaa chaji hutoa volti 2.1 hivi. Seli ina mabamba ya risasi na ya dioksidi ya risasi, yaliyozamishwa katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859.

Betri inapokaribia kujaa, umeme unaozidi huyachanganua maji yaliyomo kuwa gesi mbili: hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni ikifikia asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Hapo ndipo ilipo kazi ya kifuniko. Tundu lake dogo huipitisha gesi nje, na umbo lake la ndani huyanasa matone ya asidi na kuyarudisha katika seli. Tundu likizibwa na vumbi au nta, gesi hukusanyika, na betri yaweza kuvimba au kupasuka. Kifuniko kikipotea na mahali pake pakazibwa kwa kitambaa, asidi hurukia nje na kula chuma cha gari.

Je, si afadhali kununua betri ya kisasa isiyofunguliwa? Si lazima. Magari ya miaka ile huchaji kwa dainamo, na chaji hudhibitiwa na kifaa cha sumaku ambacho mafundi hukiita katauti. Kikizeeka, chaji yaweza kuzidi. Betri inayofunguliwa huongezwa maji, ikaendelea kufanya kazi. Iliyofungwa kabisa hukauka, wala haina pa kuongezea. Kwa sababu hiyo, betri yenye vifuniko sita vinavyofunguka hulifaa zaidi gari la kale. Fundi ahakikishe pia kwamba inaenea katika kikalio chake, na kwamba nguvu yake yatosha kuwasha injini asubuhi za Juni na Julai, wakati baridi ya nyanda za juu hupunguza kasi ya mmenyuko wa kikemia na kuifanya oili kuwa nzito.

Jambo jingine ni nyaya. Katika Land Rover ya mwaka 1954, upande chanya wa betri ndio uliounganishwa na bodi, kinyume cha magari ya leo. Fundi akizigeuza nyaya bila kujua, aweza kuharibu dainamo na katauti.

Maji ya kuongeza yawe yaliyokenekwa. Maji ya Mto Ruaha Mdogo, hata yakiwa maangavu, yana madini yanayodhuru mabamba. Anayekagua seli asitumie kiberiti wala asivute sigara. Avae miwani ya kukinga macho, na kwanza aondoe waya wa bodi. Betri iliyokufa isitupwe shambani wala mtoni, kwa kuwa risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Swali kwa darasa: Kwa nini seli iliyopungukiwa kwa kuchajiwa huongezwa maji, wala haiongezwi asidi?