Kijiji cha India na Barabara Yake: Kweli au Si Kweli?

Ukitaja kijiji cha India, wengi wetu tunaona watu wamebanana, ng'ombe wamelala njiani na treni imejaa hadi juu ya paa. Picha hiyo imezaa maneno mengi. Tuyapime.

Kila kijiji cha India kimefurika watu. Si kweli. Sensa ya 2011 iliorodhesha vijiji karibu 641,000, na zaidi ya 43,000 kati yake havikuwa na mkazi hata mmoja. Ni vijiji vya daftari la ardhi: vina jina na mipaka, ila hakuna jiko linalofuka moshi. Huko kaskazini huitwa *bechirag*, yaani visivyo na taa. Vingine vina watu, lakini ukiwakusanya wote hawajazi basi moja.

Idadi iliyoandikwa ni ya watu walioko leo. Si kweli. Sensa ya 2021 ilikwamishwa na korona, ikaahirishwa tena na tena, hadi hesabu ya watu ikapangiwa 2027. Ndiyo maana takwimu za kijiji kimoja kimoja zinazotumika ni zile za 2011. Aliyehesabiwa siku zile akiwa mgongoni kwa mama yake atahesabiwa tena akiwa na ndevu.

Kijiji kidogo hukosa barabara kwa sababu kiko mbali. Hapa kuna ukweli kidogo. Lakini mara nyingi kimekosa watu wa kutosha kwenye karatasi. Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, PMGSY, ulioanza 25 Desemba 2000, haukuhesabu vijiji bali vitongoji. Kitongoji cha tambarare kilitakiwa kiwe na watu 500, cha milimani au jangwani 250, kwa sensa ya 2001. Wa tambarare mkiwa 480, subirini.

Halafu kuna suala la mita. Kitongoji kilicho chini ya mita 500 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima kilihesabiwa kuwa kimeshaunganishwa. Mita 450 si kitu kwa mwenye rula ofisini. Mvua za monsuni zikishageuza udongo kuwa uji, na mjamzito amelazwa kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wamekishika miguu na tope limewafika magotini, hizo mita 450 ni safari.

Saraka ya sensa, inayoorodhesha huduma za kila kijiji, inakuambia basi liko umbali gani. Inakuambia herufi tu. Kijiji kisicho na huduma fulani huandikiwa *a* ikiwa huduma hiyo iko chini ya kilomita 5, *b* kati ya 5 na 10, *c* zaidi ya 10. Wa kilomita 11 na wa kilomita 40 wote ni *c*, na mimi naona hilo halimsaidii hata karani.

Barabara ikifika, basi limefika. Si kweli. PMGSY hujenga barabara, hainunui mabasi. Mara nyingi wanaotangulia ni wenye magari ya jeep na wenye vyombo vya magurudumu matatu, vile Watanzania tulivyovibatiza jina la kampuni ya Bajaj ya huko huko India, navyo haviondoki mpaka vijae. Mwaka 2011, kaya za vijijini zenye gari zilikuwa kama 2 katika kila 100, zenye pikipiki 14, zenye baskeli 46.

Baskeli ni usafiri wa kujishikiza tu. Waulize wasichana wa Bihar. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilianza kuwapa wanaoingia darasa la 9 fedha za kununulia baskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipochunguza, walikuta uandikishaji wa wasichana katika sekondari umepanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Faida kubwa ilionekana kwenye vijiji vilivyo kilomita 3 au zaidi kutoka shule ya sekondari.

Kwenye saraka, kilomita 3 ni herufi *a*.