Vichezeo vya Mtoto na Sadaka ya Idi

Zinapokaribia Idi, wazazi wengi hupekua makasha ya watoto, wakatoa magari na wanasesere wasiotumika sana, wakawapelekea mayatima. Nia ni njema: mtoto azoee kutoa angali mdogo. Lakini mara nyingi hufanywa mtoto akiwa amelala au yuko chuoni, naye akirudi hakioni kitu chake. Hapa tunataka tusimame kidogo, kwa kuwa liko suala la kisheria ambalo wengi wetu hatulitazami: kitu kile ni mali ya nani?

Mtoto humiliki mali, hata yule anyonyaye. Alichopewa na mjomba au shangazi, walii wake akakipokea kwa niaba yake, ni chake. Katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, hiba na sadaka ya asiyebaleghe katika mali yake haisihi. Walii naye haruhusiwi kuitoa bure mali hiyo, maana kazi yake ni kuisimamia kwa maslahi ya mtoto. Kwa hivyo baba anayegawa gari alilopewa mwanawe na mjomba, hata akikusudia kumfunza ukarimu, amegawa mali ya mwingine.

Alichonunua baba mwenyewe kina wasaa zaidi. Ikiwa alimwachia mtoto akichezee tu bila ya kummilikisha, bado ni cha baba. Na ikiwa alimmilikisha, Mashafii wanamruhusu mzazi kurejea katika hiba aliyompa mwanawe, maadamu kitu kingali katika milki ya mtoto. Mahanafi hawakubali hilo. Ama kile cha mjomba, baba anaweza kukinunua kwa thamani yake, akamwekea mtoto fedha zake, kisha akakitoa.

Hiyo ni hukumu ya mali. Katika malezi, tuna kisa walichokipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake yuko kijana mdogo na kushotoni wako wazee. Haki ilikuwa ya aliye kulia, basi Mtume akamtaka kijana idhini awape wazee kwanza. Kijana akakataa, fungu litokalo kwa Mtume hakuwa tayari kumwachia yeyote. Mtume (s.a.w.) akamtia chombo mkononi. Hakumkemea, wala hakumwita mchoyo. Sisi leo tunamwita mtoto hivyo kwa sababu ya mpira.

Basi mzazi amuulize mtoto, amwachie achague, na alikubali jibu lake. Akichagua gari lililovunjika gurudumu, amfahamishe maana ya aya ya 267 ya Suratul Baqara, inayokataza kukusudia kilicho kibaya na kukitoa. Akisema hapana, mzazi anunue kichezeo kingine kwa fedha zake, mtoto akipeleke kwa mkono wake. Wanavyuoni wamekubali kupokewa hadiya iliyopelekwa na mtoto, kwani mtoaji ni yule aliyemtuma. (Na haya yote hayashiki nafasi ya Zakatul Fitri, ambayo ni chakula, na hutolewa kabla ya Sala ya Idi.)

Akiiona furaha ya mwenzake, huenda mwakani akachagua mwenyewe. Asipochagua, aulizwe tena mwaka unaofuata.