Waliokataa Kiapo, Wakakataa na Bunduki

Tarehe 20 Oktoba, 1952, Gavana Sir Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari katika Kenya, na tangu siku hiyo nyumba nyingi za Wakikuyu zilikaa kati ya hofu mbili. Usiku waliweza kuja watu wa Mau Mau wakitaka mwenye nyumba ale kiapo. Asubuhi waliweza kuja askari wakitaka kujua kama amekila. Mtu wa kawaida, mwenye mke na watoto na shamba lake la mahindi, angefanya nini? Wengi walikula kiapo, wengine kwa kuogopa, wengine kwa kuamini kwamba ndiyo njia ya kurudishiwa ardhi iliyochukuliwa na masetla. Wala haifai mtu aliyelala salama usiku huo kuwacheka.

Lakini palikuwa na Wakristo ambao hawakukubali kushika silaha kwa upande wowote. Kwa Kikuyu waliitwa ahonoki, yaani waliookoka. Uamsho wao ulianzia Rwanda na Uganda karibu na mwaka wa 1930, hasa huko Gahini, penye hospitali ya misioni alimofanya kazi Daktari Joe Church, nao ukafika Kabete hapo mwaka wa 1937. Hawakuhama makanisa yao. Mtu wa CMS alibaki CMS, na mtu wa Presbyterian alibaki kwao. Jambo lao jipya lilikuwa kukutana mara kwa mara, wanaume na wanawake, karani na asiyejua kusoma, na kila mmoja kuungama makosa yake waziwazi. Aliyeiba alirudisha. Aliyemchukia jirani alikwenda kumwomba radhi. Kisha waliimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao hata wasiokijua Kiganda waliuimba.

Desturi hiyo ndiyo iliyowafaa siku za hatari zilipokuja. Mtu akiuliza amani yao ilitoka wapi, asidhani kwamba hawakuogopa. Waliogopa sana, ila waliweza kuitaja hofu yao mbele ya wenzao, nayo ikiisha kutajwa kati ya ndugu kumi haimwelemei mmoja peke yake. Tena, mtu aliyekwisha kuziungama siri zake mwenyewe hana jambo lililobaki la kutishwa nalo.

Walipoletewa kiapo walijibu kwamba wamekwisha kunywa damu ya Kristo katika Meza ya Bwana, wala hawawezi kunywa nyingine juu yake. Kwa jibu hilo wengine waliachwa, wengine walipigwa, na wengine waliuawa, hata mume na mke pamoja.

Serikali ilitumaini kwamba watu kama hao watakuwa Homu Gadi wazuri. Haikuwa hivyo. Wengi wao walikataa bunduki, maana hawakuona jinsi ya kumhubiria mtu upendo mchana na kumvizia usiku. Kwa hiyo baadhi ya maofisa waliwaona kuwa wakaidi tu, nao wakawa kama wageni kwa pande zote mbili katika nchi yao wenyewe.

Iko lawama moja ambayo si ya bure. Husemwa kwamba walinena mengi juu ya dhambi ya mtu mmoja mmoja, wakanena machache juu ya ardhi, na juu ya maelfu waliofungwa kambini, ambako wengi waliteswa. Aliyepata utulivu moyoni mwake aweza kweli kusahau kumwuliza jirani jeraha lake limetoka wapi.

Kwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa lilijengwa kanisa kuu la Fort Hall, ambako sasa ni Murang'a. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka wa 1955 na Askofu Mkuu Geoffrey Fisher wa Canterbury. Picha za ukutani zilichorwa na Elimo Njau, kijana wa Kichaga kutoka Marangu. Humo Yesu ni Mwafrika, na nchi inayoonekana ni nchi ya Wakikuyu.

Kiapo kilirudi tena mwaka wa 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa mwezi wa Julai, na mara hii Kenya ilikuwa nchi huru. Watu wengi walichukuliwa kwa malori mpaka Gatundu, ili waape kuishikilia Serikali ibaki mikononi mwa Wakikuyu. Waumini walikataa kama walivyokataa zamani, na mzee mmoja wa kanisa la Presbyterian alipigwa hata akafa. Lakini safari hii hawakuishia kuombeana nyumbani. Viongozi wa makanisa walilalamika hadharani, na gazeti la Kikristo la Target, ambalo mhariri wake alikuwa Henry Okullu, likakipinga kiapo hicho waziwazi.