Panya katika Kabati la Vitabu vya Parokia

Tukifungua kabati la vitabu vya zamani na kukuta mavi ya panya juu ya majina ya wabatizwa, mara moja twashika ufagio. Ndilo kosa letu la kwanza. Mavi na mkojo uliokauka, vikifagiwa, vyageuka vumbi, nasi twalivuta puani pamoja na vijidudu vya ugonjwa.

Kwa nini tujisumbue na karatasi? Sanamu ya wazee wa Lusinga, mkubwa aliyeuawa mwaka 1884, ilichukuliwa na Émile Storms, na leo iko Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea Mpala, kusini ya Kalemie. Vitu vingi vya nchi vimetutoka. Vitabu vya parokia viko mikononi mwetu. Kanuni 535 ya Sheria ya Kanisa yaagiza vya zamani vitunzwe vizuri. Ukurasa ulioliwa ni mkristu asiye na ushahidi wa ubatizo au wa ndoa yake.

Basi, tufanye hivi. Tufungue milango na madirisha nusu saa. Tuvae maski, na mipira mikononi. Tuchanganye sehemu moja ya javeli na tisa za maji, tuloweshe sakafu polepole, tungoje dakika 5, kisha tupanguse kwa kitambaa. Panya aliyekufa tusimshike kwa mkono mtupu: viroboto vyake vyaweza kuleta tauni, ambayo ndugu zetu wa Ituri waijua.

Lakini javeli isiguse karatasi, ngozi wala sanamu ya mti, kwani yaharibu wino na rangi. Kitabu kichafu kiwekwe katika kartoni kavu, katika chumba kisicho na panya, kwa juma moja. Tusikianike juani, maana wino wafifia. Baadaye, tukivaa tena maski na mipira, tukipanguse nje kwa brashi laini, ukurasa kwa ukurasa.

Sumu je? Panya hufa nyuma ya kabati, wadudu huja kumla, kisha hula gundi na ngozi za vitabu. Afadhali mitego. Tena tuzibe matundu kwa simenti: lenye upana wa milimita 6 latosha panya mdogo. Na mahindi ya sadaka yasilale sakristiani karibu na vitabu.

Ndugu katekista, kila juma uchungulie kabati. Anayelinda jina la mkristu amemlinda mwenyewe.