Ndege Inayoinua Pua

Haya wanangu, leo twende Zhengzhou, mji mkuu wa jimbo la Henan, katikati ya China. Henan ina watu karibu milioni 100, lakini haina pwani. Tangu zamani mali yake ilitegemea treni, kwa kuwa reli mbili kubwa zinapishana hapo mjini.

Uwanja wa ndege wa Xinzheng ulifunguliwa mwaka 1997. Kwa miaka mingi abiria walipanda, wakashuka, na hapakuwa na la kusimulia. Mwaka 2010 kampuni ya Foxconn ikaanza kuunda simu za iPhone jirani na uwanja. Simu ni nyepesi, ni ghali, na mnunuzi anaitaka leo hii. Bidhaa ya namna hiyo haingoji meli.

Mwaka 2014 ikaja Cargolux, kampuni ya ndege za mizigo ya Luxembourg, nchi isiyofikisha hata watu milioni moja. Kampuni ya serikali ya jimbo la Henan ilinunua asilimia 35 ya hisa zake, na ndege za Boeing 747 zikaanza kwenda na kurudi.

Laiti mngeiona ikipakiwa! Pua nzima huinuka kama papa anayepanua kinywa, na chumba cha marubani kiko juu yake, ghorofani. Mzigo hupangwa juu ya bamba la alumini, ukafungwa kwa wavu mgumu. Sakafu ya ndege ina vigurudumu, basi shehena ya tani kadhaa huteleza hadi ndani. Ila kwanza kila bamba hupimwa, na mpangaji huamua likae wapi, kwa sababu ndege iliyoelemea upande mmoja ni hatari.

Sasa niambieni: ikishapeleka simu Ulaya, irudi tupu? Mafuta yataungua vilevile! Hapa ndipo watu wa Zhengzhou walipotumia akili kwelikweli. Walijenga vyumba vya baridi na kuharakisha kazi ya forodha, ili matunda na samaki wa ng'ambo washukie kwao. Mwaka 2010 uwanja ulipitisha mizigo isiyofika tani 100,000. Mwaka 2021 ilizidi tani 700,000. Cheri za Chile zikitua hapo hupakiwa kwenye malori yenye majokofu, na safari ya kwenda miji mingine ya China huanza usiku huohuo.