Anga chini ya kuba: biashara inayomsubiri msimulizi wa Kiswahili

Mwaka 2006 London Planetarium, iliyokuwa ikiwaonyesha wageni nyota tangu 1958, iliacha kazi hiyo. Jumba lilikuwa mali ya kampuni inayomiliki Madame Tussauds, maarufu kwa sanamu za nta, na wenye mali waliona ukumbi ule ungelipa zaidi kwa maonyesho ya watu mashuhuri kuliko ya sayari. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya Mto Thames katika jiji hilohilo, Royal Observatory ya Greenwich ilifungua planetariamu mpya ya viti vipatavyo 120. Ile ya kwanza ilitegemea mgeni anayelipa mlangoni; ya pili ina makumbusho ya taifa nyuma yake. Anayetaka kuweka fedha katika maonyesho ya anga kwa watoto na familia aanze na hesabu hiyo, kwa sababu kiingilio peke yake mara chache kimelitosha jumba kubwa.

Kwa miaka mingi mashine ndiyo iliyokula mtaji. Kampuni ya Carl Zeiss ya Jena, Ujerumani, ilionyesha projekta ya kwanza ya nyota mjini Munich mwaka 1923, kazi ya mhandisi Walther Bauersfeld. Taa ilikaa katikati, lenzi zikaizunguka, na nyota zipatazo 4,500 zikatandazwa juu ya kuba jeupe. Ilikuwa bidhaa ya majiji na matajiri. Chicago ilipata yake mwaka 1930 kwa fedha za Max Adler, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Sears. Mmarekani mwingine, Armand Spitz, aliivunja bei mwaka 1947 kwa kuuza mashine ya dola 500, ambayo kimsingi ilikuwa boksi la pande 12 lililotobolewa matundu na kuwekwa taa ndani. Miaka 10 baadaye Wasovieti wakarusha setilaiti ya Sputnik. Serikali ya Marekani, kwa hofu ya kuachwa nyuma, ikamwaga fedha katika elimu ya sayansi, na shule nyingi zikajenga kuba zao. Soko la planetariamu za shule lilikua kwa fedha za walipa kodi.

Dijitali ilianza mwaka 1983, Evans & Sutherland ya Utah ilipofunga projekta ya kwanza ya Digistar mjini Richmond, Virginia. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakimezana: Evans & Sutherland iliinunua kampuni ya Spitz mwaka 2006, nayo ikanunuliwa mwaka 2020 na kundi ambalo leo linaitwa Cosm. Japani wapo Goto na Konica Minolta, na Zeiss bado imo. Cosm imefungua kuba kubwa Los Angeles na Dallas mwaka 2024, ambako watu huketi kula na kunywa huku wakitazama mechi. Mtaji mkubwa umeshaonyesha unakoelekea, na huko mtoto wa darasa la tatu si mteja wa kwanza.

Huku kwetu, fursa ipo ngazi ya chini kabisa ya biashara hii: kuba la kujaza upepo. Ni kitambaa kizito, cheusi nje na cheupe ndani, kinachotandikwa kwenye ukumbi wa shule au bwalo la chakula. Feni inawashwa, na kitambaa kinainuka hadi kimo cha dari. Watoto huvua viatu na kuingia kwa kutambaa kupitia handaki fupi, ili upepo usitoroke wote kwa pamoja. Kuba la kipenyo cha meta 5 linabeba watoto kama 25, wameketi sakafuni. Umeme ukikatika, feni inazima na anga lote linaanza kushuka taratibu juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo jenereta au betri ya akiba haikwepeki. Msimulizi anayeijua kazi hazimi taa ghafla. Anaanza na machweo, anaacha giza liingie polepole, kwa kuwa wadogo huogopa na mmoja akianza kulia kumi watamfuata.

Gharama ya picha nayo imeshuka mno. Paul Bourke wa Australia alionyesha kuwa projekta ya kawaida ya ofisini inaweza kujaza kuba zima ikielekezwa kwenye kioo mbinuko, mithili ya vile vinavyotundikwa kwenye kona za maduka kukamata wezi. Kompyuta huipinda picha kwanza ili kioo kiinyooshe kinapoirusha ukutani. Programu ya Stellarium, inayochora anga la mahali popote na saa yoyote, inapatikana bure na ina mpangilio wa kioo hicho. Mtaji wote unaingia kwenye gari dogo. Baada ya hapo mapato ni suala la vipindi: vipindi 6 vya nusu saa kwa watoto 25 ni watoto 150 kwa siku, na kutoka humo utoe mafuta, mishahara ya watu wawili, na matengenezo ya mishono ya kitambaa.

Filamu ndizo zinazowachanganya wengi. Za kibiashara hukodishwa kwa leseni, mara nyingi bei ikipangwa kwa ukubwa wa kuba au idadi ya viti, na kwa kuba dogo leseni chache tu zinaweza kumeza faida ya muhula. Lakini European Southern Observatory, ambayo ilifungua planetariamu yake huko Garching, Ujerumani, mwaka 2018, inatoa filamu za kuba bure mtandaoni, kwa leseni huria inayoruhusu tafsiri. Nafasi hii ingepaswa kuwa imeshachangamkiwa na kila studio ya sauti ya Dar es Salaam na Mombasa.

Mfano mzuri wa filamu ya watoto ni ile ya Big Bird wa Sesame Street, iliyotengenezwa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Marekani na China. Big Bird na Elmo wanakutana na rafiki Mchina, na wote wanagundua kwamba wanaiona Nyota ya Kaskazini ileile. Watoto wa Beijing na Chicago wakitoka nje usiku wataitafuta na kuipata. Mtoto wa Dar es Salaam hataipata hata akikesha, kwani jiji liko kusini ya Ikweta na nyota hiyo imejificha chini ya upeo wa macho. Anachokiona yeye ni Msalaba wa Kusini, na Kilimia, ambayo wakulima na manahodha wa pwani waliifuata kujua majira. Anayeishi karibu na Ikweta hupitiwa na karibu nyota zote za kaskazini na kusini katika mwaka mmoja. Hii ni mali, na filamu ya kuagiza haiiuzi.

Kwa hiyo nasisitiza msimulizi. Griffith Observatory ya Los Angeles, yenye uwezo wa kununua filamu yoyote, imeendelea kuweka mtu wa kusimulia ana kwa ana katika kila onyesho la kuba lake. Mtoto akiuliza kwa nini Mwezi hauanguki, rekodi haimjibu.

Afrika ina mifano yake. Johannesburg ilifungua planetariamu mwaka 1960 kwa projekta ya Zeiss iliyonunuliwa kutoka Hamburg, na sasa Chuo Kikuu cha Wits kimeigeuza kuwa ya dijitali kwa mchango mkubwa wa kampuni ya madini ya Anglo American. Planetariamu ya Iziko ya Cape Town ilibadilisha mitambo mwaka 2017, na kuba lake hutumiwa na familia na pia watafiti wanaotazama takwimu za darubini. Watumiaji wa aina mbili wakigawana gharama moja, hesabu inakaa sawa. Accra, Jacob na Jane Ashong walifungua Ghana Planetarium mwaka 2009. Nairobi, Susan Murabana na Chu Owen wameendesha The Travelling Telescope tangu 2014, wakizipelekea shule darubini na kuba la upepo.

Wateja wapo. Septemba 1, 2016, Jua lilipopatwa kipete, watu walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, Tanzania, wengi wao wanafunzi. Agosti 2, 2027 kupatwa kamili kutapita Misri, Saudi Arabia, Yemen na kaskazini mwa Somalia, na Afrika Mashariki itaona sehemu yake. Mwaka 2031 kupatwa kwingine kwa kipete kutapita Tanzania. Shule zitahitaji kuelezwa kitakachotokea na namna ya kutazama bila kuumiza macho, na wakuu wa shule hupanga fedha za ziara mwanzoni mwa mwaka. Mwenye kuba atakayekuwa na simulizi ya Kiswahili iliyokamilika kabla ya shule kufunguliwa Januari 2027 ndiye atakayechukua oda hizo.